Ndoo Mbili, Guta Moja: Kwa Nini Kutenganisha Taka Kunakwama Mtwara

Bwana afya akisimama kwenye mkutano wa mtaa hapa Mtwara, iwe Magomeni au Chikongola, ujumbe huwa uleule: tenganisheni taka. Zinazooza ndoo yake, zisizooza ndoo yake. Watu wanaitikia, makofi yanapigwa, kisha kila mtu anarudi kwake na kuendelea na ndoo moja. Viongozi wanahitimisha kwamba wananchi bado hawana elimu.

Mimi nadhani elimu wanayo, na hesabu wanaijua pia. Mama aliyetenga maganda ya mihogo na chupa za maji wiki nzima, halafu akamwona kijana wa guta akizimwaga ndoo zote mbili mahali pamoja, hahitaji semina. Keshajifunza.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni taka inakwenda wapi ikishatoka mlangoni, nani analipwa kuibeba, na nani anapata nafuu ikipungua. Hapo ndipo mambo yalipofungamana, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Tuanze na sheria, kwa kifupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliziachia mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na ikataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, maana yake nyumbani, dukani, sokoni. Mwaka 2009 zikaja Kanuni za taka ngumu, na mwaka huohuo Sheria ya Afya ya Jamii nayo ikagusa usafi wa makazi. Chini ya hizo kuna sheria ndogo: Baraza la Madiwani linapitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaridhia, zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ada ya taka unayodaiwa na faini ya kutupa ovyo zinatoka huko. Kwa ufupi, kutenganisha taka si wazo jipya lililoletwa na mradi wa juzi. Lina zaidi ya miaka ishirini vitabuni.

Kwa upande wa vifaa Manispaa ya Mtwara-Mikindani haikuachwa mikono mitupu. Mtwara ilikuwa mmoja wa miji saba iliyoingizwa kwenye Mradi wa Miji Mkakati, ule wa TSCP, kwa fedha za Benki ya Dunia, pamoja na Tanga, Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Kigoma. Barabara nyingi za lami na mitaro tunayoiona mjini ni matunda yake, na dampo la Mangamba pia limo humo. Dampo la kisasa si shimo tu. Sakafu yake hutandikwa ili maji machafu yanayochuruzika kwenye taka yasizame ardhini, taka hushindiliwa kwa mtambo, kisha hufunikwa kwa udongo. Dampo la namna hiyo linataka mtambo unaotembea na dizeli ndani yake kila siku. Dizeli ikikosekana linageuka jalala kama majalala mengine, tofauti ni kwamba hili limegharimu mabilioni.

Sasa tupige hesabu ya jumla. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtu mmoja Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Kwa sensa ya mwaka 2022 Manispaa hii ina wakazi karibu 147,000. Ukizidisha unapata kama tani 67 kwa siku. Hiyo si takwimu ya Manispaa, ni makadirio ya kikokotoo tu, lakini yanakupa picha: lori la tani saba lingehitaji kufanya safari tisa au kumi kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ndipo mji usilale na taka. Benki hiyohiyo inasema miji ya nchi za kipato cha chini hutumia karibu asilimia 20 ya bajeti zao kwenye taka, na bado zaidi ya asilimia 90 ya taka katika nchi hizo hutupwa ovyo au kuchomwa.

Kilichomo ndani ya hizo tani ndicho kinachoamua kila kitu kingine. Chungulia ndoo ya nyumba ya kawaida hapa Mtwara: maganda ya mihogo na ndizi, machicha ya nazi, vichwa na mifupa ya samaki, majivu ya mkaa, ukoko wa ugali ulioloweka, pampas mbili tatu, chupa ya maji, karatasi ya biskuti, na katikati ya yote hayo, mchanga. Mchanga mwingi. Tunafagia ua kila asubuhi, ua wetu ni wa mchanga, na majani ya mwembe au mkorosho yanazolewa pamoja nao. Sijawahi kusikia afisa yeyote akilisemea jukwaani, lakini inua ndoo ya namna hiyo utajua mwenyewe: sehemu kubwa ya uzito wake ni ua wako. Manispaa inanunua mafuta kuusafirisha mchanga wa Mtwara kutoka Majengo kwenda kuufukia kwenye mchanga wa Mtwara kule Mangamba.

Ukitoa mchanga, kinachobaki kwa wingi ni kinachooza. Katika nchi za kipato cha chini mabaki ya chakula na majani ni zaidi ya nusu ya taka zote. Hapa, msimu wa korosho ukifika na mabibo yakaanza kuoza chini ya miti na vichochoroni, sidhani kama kuna atakayebisha. Plastiki tunayoisemea sana ni nyepesi. Inaonekana kwa sababu inapeperuka, inaelea, inaziba mtaro. Lakini anayeumwa kichwa na gharama za lori anapaswa kuangalia maganda na mchanga kwanza, halafu ndipo aje kwenye chupa.

Nimesema kwanza, maana chupa nayo ina mkasa wake.

Chupa ya soda ya kioo huwezi kuikuta imetupwa mtaroni. Ukinunua soda dukani Mangi anakwambia kabisa, "Acha hela ya chupa," au unakunywa palepale umesimama. Mtoto akiiona chupa tupu uani anaikimbilia. Hakuna kampeni iliyofundisha hilo, hakuna bango. Chupa ina thamani, na kuna mtu mmoja, tena jirani, anayeipokea siku zote. Chupa ya plastiki ya maji haina hela iliyowekwa juu yake. Thamani yake inaanza pale tu itakapokuwa nyingi sana.

Nyingi kiasi gani? Chupa ya nusu lita ina uzito wa gramu kumi na kitu. Kilo moja ni chupa kati ya hamsini na mia. Muokota chupa anayezunguka na kiroba chake toka alfajiri anapata shilingi mia kadhaa kwa kilo, na hapo ni lazima awepo mtu wa mizani wa kumnunulia. Huyo wa mizani naye anaangalia Dar es Salaam, kwenye viwanda vinavyosaga plastiki, umbali wa zaidi ya kilomita 550. Bei ya chupa Mtwara ni bei ya Dar kutoa nauli ya lori, kutoa faida ya kila aliyeshika kiroba njiani. Na chupa zisizobanwa ni hewa tupu. Lori la tani kumi linajaa mpaka turubai linavimba wakati uzito haujafika hata tani mbili, na mwenye lori anataka hela ya lori zima.

Ndiyo maana chuma chakavu kinasafiri na chupa hazisafiri. Chuma ni kizito, hakichukui nafasi, hakiozi kikisubiri. Mfanyabiashara wa chakavu anaweza kukilundika miezi mitatu akingoja bei ipande. Barabara ilipokatika maeneo ya Somanga, Kilwa, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake, malori yalikwama huku na huku. Mwenye chuma alisubiri. Mwenye viroba vya chupa, kama hana banda kubwa, anasubirije?

Dawa yake inajulikana: mashine ya kubana, inayozikandamiza chupa mpaka ziwe marobota. Lori likibeba marobota nauli ya kila kilo inashuka sana, na bei inayomfikia muokota chupa inaweza kupanda bila mtu yeyote kumwonea huruma. Lakini Mtwara peke yake huenda isiishibishe mashine hiyo. Hapa ndipo ninapoona halmashauri zetu zinajifungia kila moja kwenye mipaka yake bila sababu. Barabara za kutoka Mtwara, Masasi na Lindi zinakutana Mnazi Mmoja, ile ya mkoani Lindi. Banda moja la kubana pale, la pamoja, lingepokea mizigo ya miji yote mitatu ikiwa njiani kwenda Dar. Ushirikiano wa halmashauri kwa halmashauri unaruhusiwa kisheria. Kinachotakiwa ni wakurugenzi kukaa meza moja, jambo ambalo wakati mwingine ni gumu kuliko kununua mashine.

Tusisahau kwamba hata sasa kuna urejelezaji unaoendelea mjini, ila hauhesabiwi. Tazama guta la taka linavyopita Rahaleo. Pembeni mwa bodi kumeninginizwa kiroba. Kijana anapomwaga ndoo mkono mmoja unachomoa chupa, kopo la rangi, kipande cha waya, vyote ndani ya kiroba. Hiyo ndiyo posho yake. Mazungumzo ya mlangoni huwa kama hivi:

"Mama, chupa siku hizi mbona hamna?"

"Wajukuu wanaziuza, mwanangu. We zoa hizo."

Ni utani, lakini una jambo ndani yake. Ukiwaambia watu wa kaya watenge chupa, umehamisha kipato cha kijana wa guta kwenda kwa mtoto wa nyumba au kwa dada wa kazi. Kijana atabaki na maganda na pampas kwa malipo yaleyale. Mpango wowote wa kutenganisha taka usiompigia hesabu yeye utahujumiwa naye, tena bila kelele, kwa kuchelewa tu kupita mtaani kwako.

Tufike basi kwenye kiini. Katika mpangilio ulio kwenye miji yetu mingi, kikundi cha mtaa au wakala ndiye anayezoa mlangoni na kukusanya ada. Taka anazipeleka kwenye kontena au kizimba. Kutoka kwenye kontena hadi dampo ni gari la Halmashauri. Sasa jiulize: kaya ikipunguza taka yake nusu, nani ananufaika? Kaya inalipa ada ileile, kwa sababu ada inatozwa kwa nyumba wala si kwa kilo. Kikundi kinapata ada ileile na mzigo mwepesi kidogo, lakini kimepoteza chupa. Anayepata nafuu ya kweli ni Halmashauri, maana ndiyo inayonunua dizeli ya kwenda Mangamba, na dampo lake halijai mapema. Kazi ya kutenganisha inafanywa na mwenye ndoo, akiba inaingia kwa mwenye lori, na kati yao hakuna kinachorudi. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini semina hazizai.

Hazijakosekana njia za kurudisha sehemu ya ile akiba. Sheria ndogo inaweza kutoa punguzo la ada kwa nyumba yenye shimo la mboji linalotumika, mtendaji wa mtaa akithibitisha. Kikundi kinaweza kulipwa nyongeza kwa kila mwezi ambao kontena la mtaa wake limejaa mara chache zaidi. Halmashauri pia zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Guta au mizani ya kununulia chakavu ni biashara inayolingana kabisa na mkopo wa kikundi cha vijana, kuliko baadhi ya miradi ya kuku tunayoiona ikifa kabla kuku hawajataga.

Na ile shida ya guta moja? Watu wengi, hata madiwani, wanadhani kutenganisha kunataka magari mawili. Hapana. Kunataka siku mbili. Guta lilelile lipite Jumatatu na Alhamisi kwa kinachooza, Jumamosi kwa kikavu. Kinachooza hakiwezi kukaa na joto hili la pwani, kwa hiyo kipewe siku nyingi. Kikavu kinakaa kwenye kiroba nyuma ya mlango hata wiki mbili bila kumkera mtu. Kijana wa guta siku ya Jumamosi hachomoi tena chupa kwenye uozo, anapokea safi, na chupa safi ina bei nzuri kwenye mizani. Hapo umemrudishia posho yake. Dar es Salaam, kata ya Bonyokwa, asasi ya Nipe Fagio na ushirika wa wazoa taka wameonyesha kwamba nyumba za kawaida kabisa zinaweza kutenga taka na zikazolewa zikiwa zimetengwa. Kwa hiyo asije mtu akasema Mtanzania haiwezi hiyo.

Kinachooza kikishazolewa peke yake kiende wapi? Kwa nyumba zenye nafasi, na Mtwara bado tuna viwanja vyenye nafasi ukilinganisha na Manzese, jibu la kwanza ni kisiende popote. Kuku na bata wamekuwa wakimaliza mabaki tangu enzi na enzi, vifuu vinawashia jiko, na majani yanaingia shimoni. Mboji haina uchawi: tabaka la majani makavu, tabaka la maganda mabichi, maji kidogo yasije yakazidi, ligeuzwe kila baada ya wiki moja au mbili lipate hewa. Miezi miwili mitatu unafukua udongo mweusi usio na harufu. Likinuka, maana yake mbichi zimezidi au hewa haipiti, ongeza majani makavu. Mifupa ya samaki izikwe chini kabisa, la sivyo paka na mbwa watakufukulia usiku.

Udongo wetu wa kichanga hauhifadhi maji, mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na anayelima mchicha kiangazi anajua maji yanavyopotelea chini. Mboji inaushika unyevu. Kwa maneno mengine, bidhaa ina mteja palepale mjini, bila kusafiri kilomita 550. Ni tofauti kubwa na chupa, na inashangaza kwamba mikutano mingi inaanza na chupa.

Kwa masoko ni rahisi zaidi, kwa sababu uozo uko mahali pamoja na haujachanganyika sana. Kinondoni walianza hivyo: kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinakula taka za masokoni. Sisi hatuhitaji kiwanda cha ukubwa ule. Soko kuu, mabanda ya ndizi na matunda, na samaki pale Feri vinatosha kulisha eneo dogo la mboji lenye vijana wachache, na kila tani inayoishia pale ni tani ambayo lori halikuibeba.

Kuna mambo mawili ambayo serikali imeyafanya na yakaonekana kwa macho. La kwanza ni marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019. Kukutwa nao faini inaanzia shilingi 30,000. Mitaro ilipumua. Kisha wafanyabiashara wakagundua vile vifungashio laini vya kufungia karanga, vikaanza kubebea nyanya na dagaa, mpaka katazo jingine likatoka Aprili 2021. Bado utavikuta. Hata hivyo somo limebaki: marufuku ilifanya kazi kwa sababu ilimbana muuzaji na mzalishaji, haikumwachia mama wa nyumbani mzigo wote. Kwa watu wa pwani faida yake inafika mbali, kwani kinachoingia mtaroni Ufukoni hakikai Ufukoni. Huko Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, wapo kasa, na kasa akiona mfuko laini unaelea anaudhania yavuyavu, anaumeza.

La pili ni usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uliopata nguvu baada ya Rais Magufuli kuifanya sherehe ya Uhuru ya 9 Desemba 2015 kuwa siku ya usafi. Naupenda, mji unang'aa. Ila kiuhalisia unahamisha taka kutoka uani kwenda kwenye kontena, zote kwa mpigo, na Jumatatu yake kontena limefurika mpaka chini. Palipokosekana gari, moshi unaanza. Kuchoma kunaonekana kama kumaliza, lakini plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani inatoa sumu ambazo majirani wanazivuta, na majivu yake hayafai hata kwa mchicha. Kama siku hiyo ingepewa kazi ya ziada, mathalani kununua chakavu mtaani kwa mizani hadharani, nadhani watoto wangeimalizia kazi kabla ya saa nne asubuhi.

Ukishatoa mchanga ukabaki uani, maganda yakaingia shimoni, chupa na makopo yakapita kwenye mizani, ndoo inabaki na vitu vichache visivyo na mnunuzi wala shimo: pampas, karatasi za biskuti zenye ngozi ya bati ndani, kandambili zilizokatika, vigae. Pampas hasa ni tatizo la kweli. Haziozi, hazisagiki, kuzichoma ni karaha, na vyooni zinaziba. Hakuna haja ya kumdanganya mtu kwamba zitarejelezwa Mtwara mwaka huu. Hizo zifungwe vizuri, ziende Mangamba, zikafukiwe. Lile dampo lilijengwa kwa ajili ya vitu kama hivyo.